Programu Mtoto na Neno kutoka Maskati

Ofisi ilikuwa ghorofani Mlandege, juu ya duka la vitambaa, na mwenye ofisi sikumpenda tangu siku ya kwanza wala sijampenda mpaka leo. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kiti changu akitafuna karafuu kavu, nikizisikia zinavyovunjika karibu na sikio langu. Hakuwahi kuniuliza kitu ambacho jibu lake alilitaka. Aliuliza ili wateja waliokaa kwenye benchi wamsikie akiuliza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kompyuta majumbani zilikuwa za kutafuta. Sisi tulikuwa tukipeleka na kupokea barua pepe za watu: mawakala wa forodha, wenye hoteli ndogo za pwani ya mashariki, na kinamama wenye watoto Maskati na Dubai. Mteja anakuja, anatamka anachotaka kusema, mimi nakipiga taipu. Jibu lake likifika tunalichapa, analikunja, analitia mkobani, anakwenda zake. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya simu, modemu moja, na programu moja niliyoiandika mimi kwa mikono yangu. Mwenye ofisi aliwaambia watu kuwa ameiandika yeye.

Nitaeleza programu ile ilivyofanya kazi, na asiyependa mambo haya avumilie kidogo, kwa sababu bila hayo hasira zangu hazitaeleweka.

Programu yangu ilikuwa na shughuli nyingi kwenye skrini moja. Ilionyesha zamu za wateja, ilipima muda wa waliokaa kwenye mashine, iliendesha printa. Kazi ya kupiga simu na kuteremsha barua haikuifanya yenyewe. Iliamsha programu nyingine ndogo ikaituma, na sisi wa kazi hii programu ndogo kama hiyo tunaiita mtoto, na ile iliyoituma tunaiita mama. Mtoto anapiga simu, na kila hatua anatoa mstari mmoja wa maneno: napiga, nimepokewa, nateremsha barua ya kwanza. Maneno hayo yanapita ndani ya kitu tunachokiita bomba, na mama yuko upande wa pili anayasoma.

Balaa lilikuwa kwenye kusoma. Mama akiomba mstari na mstari haupo, mashine haimwambii kuwa haupo. Inamlaza usingizi hapo hapo mpaka mtoto aseme kitu. Na mama akilala, kila kilicho chini yake kimelala: saa ya wateja imesimama, printa imenyamaza, kitufe ukikibonyeza hakiitiki. Mvua ikinyesha laini ya simu ilikuwa inakatika katikati ya kazi. Mtoto anabaki ananing'inia bila la kusema, mama amelala akimsubiri, na mimi nimekaa mbele ya skrini iliyokufa, benchi zima linanitazama.

"Bibi, mashine yako imeganda tena," mwenye ofisi alikuwa akisema nyuma yangu.

"Haijaganda. Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Neno kutoka kwa mtoto."

"Basi iambie neno lishafika."

Benchi likicheka. Mimi nikizima mashine kwa kitufe cha nyuma na kuiwasha upya, na moyoni nikimtukana yeye, na benchi, na aliyevumbua simu.

Mle ofisini ndimo nilimokutana na fundi wa viyoyozi. Aliitwa kwa sababu kiyoyozi chetu kilikuwa kikidondosha maji juu ya printa. Nilimpokea kwa ukali, kama nilivyokuwa nikimpokea kila mtu, nikamuuliza kitapona lini, na kikirudia nani atalipia printa, na kwa nini aliyekitengeneza kabla yake hakukitengeneza vizuri. Alinijibu yote papo hapo, bila kugeuza maneno, moja hili, la pili lile, na moja alisema hajui lakini atajua Jumatatu. Jumatatu akaja na jibu. Mtu ambaye hakukulia katika nyumba kama yetu hataelewa kwa nini jambo dogo kama hilo lilinimaliza.

Nyumba yetu ilikuwa Mji Mkongwe, na tulikuwa tumebaki wawili, baba na mimi. Mama alikwisha kufariki. Kaka yangu, mkubwa kwangu, alikwenda Maskati nikiwa bado skuli ya msingi, na tangu hapo ndiye aliyetutunza kutoka huko. Sikatai hisani yake. Lakini ilifika pahala baba hakuweza kubadilisha bati la paa bila ya kaka kusema, na kaka alikuwa mzito wa kusema. Paa lilivuja misimu ya mvua mingapi, tukihamisha masufuria kutoka chumba hiki kwenda kile, tukisubiri neno kutoka Maskati.

Wazee wa fundi walikuja kuposa siku ya Ijumaa, kutoka Chukwani, wamevaa vizuri, wametulia. Baba aliwapa halwa na kahawa. Akawaambia maneno yanayosemwa siku kama hiyo, kuwa amesikia, amefurahi, na watajibiwa. Hapo sikuwa na kinyongo. Kwetu jibu halitolewi siku ya kwanza, na msichana anayetolewa siku ya kwanza watu husema nyumbani kwao walikuwa wamemchoka. Walipoondoka baba aliniita chumbani kwake.

"Naam baba."

"Mwandikie kaka yako, simu ya Maskati ghali. Mwambie wamekuja watu, na mwambie ni watu wa wapi. Akisema ndiyo, na mimi nshasema ndiyo."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alisisitiza kuwa nimwambie ni watu wa wapi, lakini nilijua. Babu wa fundi alitoka bara kuja kuchuma karafuu. Babu yangu mimi ndiye aliyekuwa na mikarafuu, au hivyo tunavyosema. Mikarafuu yenyewe iliondoka mikononi mwetu kabla sijazaliwa. Kilichobaki ni pua ya kupandisha juu, na hiyo nayo imetufikisha wapi.

Niliandika kesho yake ofisini, kabla ya wateja kuja. Niliandika kwa adabu zote, shikamoo ya kaka, dua za mwanzo na za mwisho. Nikaipeleka. Tangu siku hiyo kila mtoto wangu alipoteremsha barua, mimi nilikuwa wa kwanza kutazama kama kuna ya Maskati yenye jina langu. Kwa hivyo mashine ilipoganda, sikugandiwa na kazi tu. Nilikuwa nikiona kuwa neno langu limekwama humo ndani.

Mwenye ofisi akaniambia kuwa nikishindwa ataleta kijana wa Dar anayejua. Nikamwambia amlete. Halafu nikakaa chini nikaitengeneza.

Ipo njia ya kuliambia bomba kuwa mama akiomba mstari na mstari haupo, asilazwe, aambiwe tu kuwa haupo, aendelee na mambo yake. Niliipata katika kitabu cha mkopo, nikaiweka, ikakubali. Likabaki swali moja: mama aombe mara ngapi kabla ya kukata tamaa na kumfunga mtoto? Mkono wangu uliandika tatu, na wala sikufikiri. Ndivyo tulivyolelewa. Unapiga hodi kwenye mlango wa mtu, kimya. Unapiga ya pili, kimya. Ya tatu nayo ikiwa kimya unageuka unarudi, na humlaumu mtu, maana ndivyo dini na adabu zinavyotaka. Kwa mtu wa hapa hodi ya nne ni ufidhuli. Basi na programu yangu ikawa na adabu.

Skrini ilipendeza siku zile, sijapata kuona. Saa za wateja zinakwenda, printa inaitika, zamu zinapanda. Mwenye ofisi alisimama nyuma yangu akatafuna karafuu zake akasema, "Sasa umeanza kujua kazi," na mimi kwa ujinga nikafurahi. Hakuna aliyeona mara moja kuwa barua zimeacha kuja. Laini ya simu ilikuwa na sifa mbaya, kila mtu akailaumu laini.

Nami nikailaumu vile vile. Wazee wa Chukwani walirudi mara ya pili kuulizia, baba akawaambia bado. Nilikuwa jikoni, nikasikia kikombe kinawekwa chini na mtu anasema hapana wasiwasi, watangoja. Walipotoka nilimwendea baba nikamwambia kuwa pengine kaka amekwisha kujibu, ila barua siku hizi haziteremki. Nilimtetea. Nikikumbuka jinsi nilivyomtetea yule mtu natamani kupiga kitu ukutani.

Aliyeniamsha ni mwenye hoteli mmoja wa Paje. Alikuja na hasira kubwa kuliko zangu. Wageni wake walikuwa wamefika uwanja wa ndege bila ya mtu kuwapokea, na wanaapa kuwa waliandika. Akapiga meza, akasema hatoki mpaka aone barua zake. Nilifungua sauti ya modemu, ambayo kwa kawaida tuliifunga kwa kelele zake, nikamwamsha mtoto. Modemu ikainua simu, ikaanza mlio, ikakatika hapo hapo. Nikarudia. Ikakatika pale pale.

Nikaelewa, na uso ukanipata moto mbele ya mtu wa Paje. Hodi tatu za mashine isiyolala zinakwisha kabla mtu hajapepesa jicho. Kwenye mlango wetu, baina ya hodi na hodi, pana pumzi. Mwenye nyumba anatafuta kanga yake, anateremka ngazi, anauliza nani. Mimi nilikuwa nimeondoa usingizi wa mama na sikuweka kitu chochote mahali pake. Mama alikuwa anaita mara tatu kwa mkupuo, anahukumu kuwa hakuna mtu, na anamfunga mtoto ambaye hata simu hajaishika vizuri. Kwa wiki nzima nilikuwa nimekata kila simu ya ofisi ile kwa adabu zangu.

Niliitengeneza upya siku ile ile, mtu wa Paje amekaa kwenye benchi ananitazama kisogo. Mama aulize, akikuta hakuna neno aende akahudumie wengine, kisha arudi aulize tena, na uvumilivu wake upimwe kwa saa, kwa dakika kamili, wala si kwa idadi ya maombi. Neno likija nusu aliweke pembeni mpaka nusu yake ifike. Tena mtoto alikuwa na bomba la pili, la malalamiko, ambalo mimi sikuwa nikilisoma kabisa. Laini ikiwa mbaya alikuwa analalamika humo mpaka likajaa, na likijaa naye anakwama, hawezi kusema tena popote. Nikamwambia mama ayasikilize yote mawili.

Lakini kubwa lilikuwa jingine. Kimya cha mtoto ni cha aina mbili, na mimi nilikuwa nimevichanganya. Kipo kimya cha mtoto aliye kazini ambaye hana la kusema kwa sasa. Na kipo kimya cha mtoto aliyekwisha maliza akaliziba bomba upande wake. Mashine inavijua vyote viwili na inavijibu mbalimbali. Kwa cha kwanza inakwambia jaribu baadaye. Kwa cha pili inakupa herufi sufuri, na sufuri maana yake usirudi tena, hakuna mtu.

Jioni ile barua zikateremka. Zote zilikuwa zimekaa ng'ambo zikisubiri mtu azichukue, hazikupotea. Printa ilikwenda mpaka ikatoa harufu. Mtu wa Paje alipata zake akaondoka bila ya kusema ahsante. Mawakala wa forodha wakapata zao. Kutoka Maskati zilikuja nyingi: salamu, mtoto kazaliwa, mtu anaumwa mguu, mtu anaomba aletewe pweza mkavu. Kila moja niliitazama jina. Nilizitazama tena zilipokwisha chapwa. Hakukuwa na yangu.

Nilibaki nimeshika karatasi za watu. Mpaka saa ile nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa modemu, na bomba, na mvua, na mimi mwenyewe. Sasa kila kitu kilikuwa kizima na kinafanya kazi. Kaka yangu hakuwa ameandika, basi.

Nilimwandikia tena, safari hii bila ya dua. Nilimwambia wazi kuwa kama hataki aseme hataki, na kama anataka aseme. Kimya. Nikamwandikia ya tatu, fupi kuliko zote, ambayo sitairudia hapa kwa sababu ya heshima ya marehemu mama yetu.

Kwa baba nilikwenda asubuhi, kabla ya kazi, akiwa amekaa na chai yake na mkate wa mofa.

"Baba, wewe ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha. Neno lako linatosha."

"Nnajua."

"Basi waite waambie."

"Kaka yako ndiye anayetulisha. Siwezi kumpita."

"Kama hataki si aseme hataki?"

"Hajasema hataki."

"Hajasema kitu chochote."

"Ndio maana tunasubiri," baba akasema, akachovya mkate.

Nikamwambia kuwa yeye anapenda kimya kile, kwamba kimya kinamfaa, kwa sababu yeye hawataki watu wa Chukwani na hana ujasiri wa kuwatazama usoni akawaambia. Sikuwahi kumwambia baba maneno ya namna hiyo. Alinyanyuka, akatafuta kofia yake, akatoka, na haikuwa saa ya sala yoyote. Chai yake ikabaki mezani mpaka ikaota utando, na mimi sikuiondoa.

Kuna mtu niliyemsimulia haya, miaka mingi baadaye, akanikatiza kwa kujiona ameona mbali, akasema kumbe programu ile ilikuwa kama nyumba yenu. Nilimwambia anyamaze. Programu ile ilitengenezeka.

Fundi alikuja ofisini mwezi mmoja baada ya hapo. Hakuja na mkoba wa vifaa, kwa hivyo nilijua kabla hajasema. Tulisimama kwenye ngazi, chini watu wa duka la vitambaa wanapima majora, na yeye akanitazama usoni kama kawaida yake.

"Wazee wangu wamekuja kwenu mara tatu," akasema. "Ya tatu baba yako kawapokea mlangoni. Mama kasema haji tena kukaa barazani kwa watu."

"Na wewe?"

"Wamenitafutia mtu. Fuoni."

"Nimekuuliza wewe."

"Nimekubali."

Nilimwambia aende. Nilisema kwa sauti ambayo watu wa chini waliacha kupima wakatazama juu. Nilimchukia siku ile na nilimchukia muda mrefu baadaye, lakini hata katikati ya chuki zangu nilijua kuwa yeye angalau alipanda ngazi akaja kunijibu. Nilirudi ndani nikamkuta mwenye ofisi amekaa kwenye kiti changu, anawaonyesha wateja jinsi mashine yake isivyoganda tena. Nikamwambia anipishe nifanye kazi.

Baba sikumwambia. Aulize mwenyewe, nilisema moyoni. Hakuuliza, na kutoka Chukwani hakuja mtu tena, na yeye akawa anawasifu mbele yangu kuwa wale ni watu wa subira. Harusi ya fundi ikafanywa. Nilikuwa kazini siku hiyo, nikachapa barua za watu mpaka tukafunga.

Kaka alipiga simu Ijumaa moja baada ya sala. Nilikuwa juu natandaza nguo. Nilimsikia baba akicheka, kicheko ambacho sikukisikia mle ndani tangu mama kufa, kisha akaniita kwa jina la utotoni. Nikateremka.

"Naam baba."

"Kaka yako kakubali," akasema, na macho yake yamejaa maji. "Hana neno. Kasema tukuozeshe. Njoo, anataka kusema na wewe mwenyewe."

Nikauchukua mkonga wa simu. Sikumwamkia.

"Nimezipata barua zako zote," kaka akasema. Sauti ilikuwa safi, kama yuko chumba cha pili. "Umenitukana sana, lakini nshakusamehe. Jambo kama hili halitaki haraka, nilikuwa nafikiri. Haya, niambie, harusi lini? Nataka kukata tiketi."

"Harusi ishapita," nikasema. "Ilikuwa Chukwani, mwezi uliopita. Bibi harusi katoka Fuoni."

Baba alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi. Tabasamu halijamtoka vizuri, lilikuwa linatafuta njia ya kutoka. Kwenye simu hapakuwa na kitu, ila mtu anavuta pumzi, mbali.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Kanyamaza," nikasema, na nikampa mkonga wa simu amsubiri mwenyewe.